Kufuatilia Usingizi kwa Simu: Wiki Mbili za Kujipima na Namna ya Kusoma Majibu

Neno "kulala" lina maana mbili, kujinyoosha kitandani na kupitiwa na usingizi, na mtu husema bila kujichanganya kwamba "nimelala tangu saa tatu lakini usingizi umegoma." Ukitaka simu ikusaidie kuujua usingizi wako, shika tofauti hiyo tangu mwanzo. Simu inaweza kukuambia vizuri ulipanda kitandani saa ngapi na ukashuka saa ngapi. Kuhusu usingizi wenyewe inakisia, na ikianza kukutajia dakika za usingizi mzito na dakika za ndoto, makisio hayo yamelegea sana.

Kwa hiyo tutaitumia kwa kile inachokiweza. Utapima usiku 14 mfululizo kwa simu ya kawaida, bila saa ya mkononi, ujaze jedwali fupi kila asubuhi, kisha utoe hesabu nne. Hizo nne zinatosha kuonyesha kama tatizo lako ni saa chache, ratiba inayoyumba, kukesha kitandani, au kitu kinachohitaji daktari.

Simu inahisi nini hasa

Katika maabara ya usingizi mtu hubandikwa vipokezi kichwani vya kusoma umeme wa ubongo, vingine pembeni mwa macho na kidevuni, pamoja na vipimo vya pumzi, moyo na oksijeni. Usiku wote hukatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa hatua yake: N1, ambao ni usingizi wa mang'amung'amu, N2, N3 ambao ndio mzito, au REM, usingizi wa ndoto. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 90, ukirefuka au kufupika kidogo, na hujirudia mara nne hadi sita kwa usiku. N3 hujaa theluthi ya kwanza ya usiku na REM huongezeka kuelekea alfajiri.

Simu haigusi ubongo wala macho. Programu hutumia moja au zaidi ya njia hizi: kipima mwendo kilichomo ndani ya simu, kinachohisi godoro likitikisika; maikrofoni, inayosikia ukigeuka, ukikohoa au ukikoroma; mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa masikio, ambayo spika huyatoa na maikrofoni huyapokea yakirudi kutoka kifuani; au kumbukumbu tu ya lini uliacha kuigusa simu na lini uliishika tena.

Kosa kubwa la njia zote hizi ni moja. Mtu aliyetulia huhesabiwa amesinzia. Ukikaa macho dakika arobaini ukitazama dari bila kujigeuza, programu itaziandika kuwa usingizi, ndiyo maana watu wenye shida ya kukosa usingizi hupewa jumla kubwa kuliko waliyoipata kweli. Kosa la pili linahusu REM. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoueleza usingizi huu mwaka 1953, alama yake ilikuwa macho yanayokimbia huku na huku chini ya kope. Misuli mikubwa ya mwili wakati huo imelegea kabisa. Kwa kipima mwendo kilichopo kwenye godoro, usingizi wa ndoto na usingizi mzito vyote ni kimya kile kile. Mchoro mzuri wenye ngazi unaouona asubuhi huonekana wa kuaminika kwa sababu kila mtu ana N3 nyingi mwanzoni na REM nyingi mwishoni, na programu inaweza kuchora hivyo hata kwa kubahatisha.

Kuchagua programu

Kwa Android, Sleep as Android inafanya kazi kwa mwendo, sauti na mawimbi yasiyosikika, na inakuachia upange mambo mengi. Sleep Cycle ipo kwa Android na iPhone, na siku hizi husikiliza kwa maikrofoni. Kama shida yako ni kukoroma peke yake, SnoreLab inatosha. Programu ya Saa ya Google ina sehemu ya wakati wa kulala inayokadiria muda wa kitandani kwa mwendo na mwanga wa chumba. Ni nyepesi na haihitaji kulipia. Kwa iPhone isiyo na saa ya mkononi, programu ya Health hukadiria muda wa kitandani kutokana na ratiba uliyoiweka na jinsi ulivyoitumia simu usiku. Hiyo ni njia ya nne tuliyoitaja, na ukiwa na desturi ya kuacha simu sebuleni saa mbili kabla ya kulala, itakuandikia usingizi ambao hukuupata.

Usilipie chochote katika wiki hizi mbili. Sehemu za kulipia mara nyingi ni michoro na historia ndefu, na hesabu tunazozitaka hazizihitaji.

Ruhusa za kuipa: maikrofoni, mwendo au shughuli za mwili, na arifa. Programu ya usingizi inayotaka orodha yako ya mawasiliano au ujumbe mfupi, ifute. Soma pia kama sauti zinabaki kwenye simu au zinapelekwa kwenye seva. Sheria za ulinzi wa data za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, lakini ruhusa ukishaitoa mwenyewe, umeitoa. Na kama mnalala wawili, mwambie mwenzako kwamba chumba kinarekodiwa, tena kabla ya usiku wa kwanza.

Maandalizi ya simu

Sababu kuu ya watu kukuta asubuhi rekodi imekatika saa saba usiku ni simu yenyewe kuiua programu ili kuokoa betri. Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na Samsung zote zina mifumo ya kubana programu zinazofanya kazi skrini ikiwa imezimwa. Fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua programu ya usingizi, ingia kwenye Betri na uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Kisha fungua orodha ya programu zilizo wazi, shikilia programu hiyo au fungua menyu yake, na kama simu yako ina alama ya kufuli, igonge ili isifungwe pamoja na nyingine. Zima hali ya kuokoa betri. Simu yenye kitu kinachoitwa meneja wa simu au kisafishaji, itoe programu ya usingizi kwenye orodha ya kusafishwa.

Washa Usinisumbue na uhakikishe kengele zimeruhusiwa kupita, kisha weka namba mbili tatu za ndugu wanaoweza kukupata usiku. Hali ya ndegeni nayo inafaa na kengele italia kama kawaida, ila atakayepatwa na dharura hatakupata.

Chomeka chaji, kwa sababu maikrofoni inayosikiliza usiku kucha hula betri. Kama umeme wa mtaani kwako hukatika mara kwa mara, anza usiku betri ikiwa imejaa badala ya kutegemea ichaji ukiwa umelala. Kamwe usiweke simu inayochaji chini ya mto au ndani ya blanketi. Joto halina pa kutokea, betri ya lithiamu huharibika, na ikiwa betri au chaja ina hitilafu, moto unaanzia pale kichwa kilipo.

Nafasi nayo iangalie. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ikirekodiwa saa 8 mfululizo, hufika takriban MB 230. Sauti isiyobanwa ya ubora wa CD, hata ikiwa ya mkondo mmoja, hupita GB 2.5 kwa usiku huo huo. Chagua mpangilio wa kuhifadhi vipande vyenye kelele tu, na upange vya zamani vifutwe baada ya siku saba.

Kuiweka mahali pake

Kama programu inatumia mwendo, simu ikae juu ya shuka pembeni ya mto, upande wako wa nje mbali na mwenzako, skrini ikitazama chini. Godoro la springi hupitisha mtikisiko vizuri. La sponji nene huumeza, na hapo programu itakuonyesha usiku mtulivu kuliko ulivyokuwa. Ongeza kiwango cha wepesi wa kuhisi. Anayelala kwenye mkeka au godoro jembamba sakafuni aache njia ya mwendo kabisa atumie maikrofoni.

Kama ni maikrofoni, weka simu kwenye stuli au meza ndogo, nusu mita hadi mita moja kutoka kifuani, sehemu ya chini ya simu (kwenye nyingi ndiko iliko maikrofoni kuu) ikikuelekea. Iwe nje ya neti na isiguswe nayo. Neti inayopeperushwa na feni ikikwaruza simu hujaza rekodi na mikwaruzo ambayo programu huisoma kama wewe unayejigeuza. Feni yenyewe haina shida sana kwa kuwa mvumo wake ni wa usawa na programu huuzoea. Mvua juu ya mabati hufunika kila kitu. Usiku wa namna hiyo andika "mvua" kwenye jedwali na uache mchoro wake. Jogoo, adhana ya alfajiri, jenereta la jirani na pikipiki zinazopita vitatokea kama vilele kwenye mchoro. Kabla hujasema "nilihangaika sana saa kumi na moja," gonga kilele hicho usikilize.

Mkilala wawili, na mtoto pengine yuko katikati, hakuna programu ya simu inayoweza kutenganisha mwendo wa nani ni wa nani. Tumia simu kwa saa za kupanda na kushuka kitandani tu, na mengine uyaandike mwenyewe.

Fanya jaribio la dakika kumi kabla ya usiku wa kwanza. Washa ufuatiliaji, lala kimya dakika tatu, jigeuze mara mbili, tulia tena, kohoa, kisha sema neno kwa sauti ya chini. Fungua mchoro. Usipoyaona matukio hayo, sogeza simu karibu au ongeza wepesi wa kuhisi. Jaribio hili huokoa siku tatu nne za rekodi zisizo na maana.

Jedwali la asubuhi

Hapa ndipo penye thamani, na ndipo wengi wanapopakimbia kwa kudhani programu inatosha. Fungua Google Sheets au Excel kwenye simu. Safu ya A ni tarehe, B ni saa uliyozima taa ukiwa na nia ya kulala, C ni saa unayodhani usingizi ulikuchukua, D ni jumla ya dakika ulizokesha katikati ya usiku, E ni saa ya kuamka mara ya mwisho, F ni saa ya kushuka kitandani, G ni dakika za usingizi wa mchana, H ni saa ya kikombe cha mwisho cha chai, kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu, na I ni hali yako kuanzia 1 hadi 5, uijaze saa nne asubuhi, si dakika ile ya kuamka, kwa maana dakika ile kila mtu ni mzito.

B na F vichukue kwenye programu. C na D vijaze kwa kukumbuka, kwa makadirio ya dakika tano tano. Usiangalie saa usiku ili upate namba kamili. Kutazama saa ni chanzo kimojawapo cha kukosa usingizi.

Mambo mawili ya saa zetu huleta makosa mengi. La kwanza, simu huandika 22:30 na sisi tunasema saa nne na nusu. Kwenye jedwali tumia saa za simu tu, mwanzo hadi mwisho. Ukiandika 4:30 kwa kumaanisha saa nne na nusu usiku, fomula itaelewa saa kumi na nusu alfajiri na hesabu yote itakwenda upogo. La pili ni tarehe. Baadhi ya programu hutia usiku kwenye tarehe uliyolalia, nyingine kwenye tarehe uliyoamkia. Wewe fuata desturi yetu ya "usiku wa kuamkia": usiku ulioanza Jumanne na kuishia Jumatano uandike kwa tarehe ya Jumatano, sikuzote.

Kisha weka fomula hizi kwenye mstari wa pili na uziburute hadi mwisho:

Muda wa kitandani kwa dakika (J): =MOD(F2-B2,1)*1440
Muda wa usingizi (K): =MOD(E2-C2,1)*1440-D2
Ufanisi kwa asilimia (L): =K2/J2*100
Katikati ya usingizi (M): =MOD(C2+MOD(E2-C2,1)/2,1)

Kazi ya MOD ni kuvuka usiku wa manane. Bila hiyo, 5:45 ukiitoa 22:30 hupata namba hasi. Simu yako ikikataa mkato ndani ya mabano, weka nukta-mkato. Ikikuonyesha saa badala ya namba, badilisha muundo wa J, K na L uwe namba, na M uwe saa. Tahadhari nyingine: usitafute wastani wa safu ya B kwa fomula ya kawaida, maana wastani wa 23:30 na 00:30 utakuja 12:00, saa sita mchana.

Wanaofanya kazi za usiku, wakiwamo walinzi, wauguzi na madereva, waanzishe programu kwa mkono kila wanapolala, kwa sababu ratiba za moja kwa moja huutarajia usiku na usingizi wa mchana huweza kurukwa au kuitwa wa kupumzika tu. Mwezi wa Ramadhani, anayelala kabla ya daku na tena baada ya sala ya alfajiri aandike mistari miwili kisha ajumlishe K zake. Kipande kimoja peke yake kitamtia hofu bure.

Hesabu nne

Chukua mfano: taa 22:30, usingizi 23:10, kukesha dakika 25, kuamka 5:20, kushuka 5:45. Kitandani ni dakika 435. Usingizi ni dakika 370 kutoa 25, yaani 345, saa 5 na dakika 45. Ufanisi ni asilimia 79. Dakika za kungoja usingizi ni 40.

Anza na muda wa usingizi, wastani wa siku zote 14. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa kawaida. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Wastani ulio chini ya hapo wakati ufanisi uko juu ya asilimia 90 una maana moja: unalala vizuri, ila hujipi muda. Hapa hakuna dawa wala programu. Ni kupanda kitandani mapema.

Ufanisi wa asilimia 85 kwenda juu ni mzuri. Chini ya hapo, kwa siku nyingi za wiki, unatumia kitanda kukesha. Angalia dakika hizo ziko wapi, mwanzoni au katikati, kwani tiba zake hutofautiana.

Dakika za kungoja usingizi (C kutoa B) zikizidi 30 kwa mazoea, unawahi kupanda kitandani kabla mwili haujawa tayari, au kafeini na mwanga vimeusogeza usingizi mbele. Zikiwa chini ya 5 kila siku, usijisifu kwamba unalala fofofo mara tu kichwa kikigusa mto. Mara nyingi ni dalili ya deni la usingizi.

Hesabu ya nne wengi hawaijui, nayo hufichua mengi: katikati ya usingizi. Kwenye mfano wetu ni 2:15, saa nane na robo usiku. Tuseme Jumamosi mtu huyo huyo analala 1:00 na kuamka 8:30. Katikati inahamia 4:45. Tofauti ya saa mbili na nusu ni sawa na kuuhamisha mwili hadi nchi yenye saa nyingine kila Ijumaa na kuurudisha kila Jumatatu. Mtafiti Till Roenneberg na wenzake wa Munich waliipa hali hii jina mwaka 2006 kwa kuifananisha na uchovu wa safari za ndege. Ikiwa tofauti yako kati ya siku za kazi na za mapumziko inapita saa moja, anza hapo kabla ya kitu kingine chochote. Jumapili usiku unaoulalamikia kwamba usingizi hauji unatokana na Jumapili asubuhi.

Kubadilisha kitu kimoja

Katika siku 14 za kwanza usibadilishe lolote; unataka kuona ulivyo. Baada ya hapo badilisha jambo moja kwa siku saba na ulinganishe. Ukihamisha saa ya kulala, ukaacha kahawa na ukanunua mapazia kwa wiki moja, hutajua kilichosaidia.

Tofauti ya katikati ya usingizi ikiwa kubwa, shika saa moja ya kuamka kwa siku zote saba, hata usiku ukiwa umechelewa, na toka nje kwenye mwanga wa asubuhi ndani ya nusu saa. Saa ya kulala itajivuta yenyewe.

Kama unangoja usingizi muda mrefu, itazame safu ya H kwanza. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa tano, kwa wajawazito muda mrefu zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku. Chai ya rangi nzito imo, soda za kola zimo, na mirungi ina kichangamshi chake kisicho kafeini kinachokesha watu vile vile. Weka saa nane mchana kuwa mwisho, kwa wiki nzima.

H ikiwa safi na bado ufanisi uko chini ya 85, punguza muda wa kitandani badala ya kuuongeza. Chelewesha kupanda kwa dakika 30, saa ya kuamka ibaki pale pale, na muda wa kitandani usishuke chini ya saa tano na nusu. Ufanisi ukifika 85 hadi 90 kwa wiki, rudisha dakika 15. Ukiwa umekesha kama dakika ishirini kwa makadirio yako, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi ukisikia usingizi. Njia hii ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi inayotumiwa na wataalamu tangu miaka ya 1980, na siku za mwanzo huongeza kusinzia mchana. Dereva, mwenye kazi ya mashine, mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi asiifanye bila daktari.

Kengele ya kukuamsha "usingizi ukiwa mwepesi" husubiri ujitikise ndani ya dirisha, kwa kawaida dakika 30 kabla ya saa uliyoweka. Kwa mwenye usingizi wa kutosha haina madhara. Kwa mwenye deni humnyang'anya hadi nusu saa kila siku. Izime hadi wastani wako ufike saa 7.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa waliokuwa wakikosa usingizi kwa kuhangaikia alama za vifaa vyao, wakaiita hali hiyo othosomnia. Ukijikuta unasubiri alama ya programu ndipo uamue kama umeamka vizuri, ficha mchoro, baki na jedwali, na safu ya I uijaze kabla ya kufungua programu. Alama ya 85 asubuhi haimsaidii anayesinzia mkutanoni, na alama ya 60 haimdhuru aliyeamka mwepesi.

Kukoroma, na lini uende kwa daktari

Kwa jambo hili maikrofoni ya simu inafanya kazi nzuri kweli. Sikiliza vipande vya usiku tatu au nne. Kukoroma kwa mfululizo, kunakopanda na kushuka bila kukatika, ni kero lakini mara nyingi hakuna hatari kubwa. Unachotafuta ni mpangilio huu: kukoroma kunakua, ghafla kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha mkoromo mkubwa au kuhema kama mtu aliyetoka kwenye maji. Hicho kimya ni pumzi iliyokatika. Kikijirudia mara 5 hadi 15 kwa saa, kipimo cha hospitali hukiita kiwango cha chini, 15 hadi 30 cha kati, na 30 kuendelea kikali. Simu haiwezi kutoa namba hiyo kwa kuwa haioni oksijeni ikishuka, lakini inatosha kukupeleka.

Linganisha usiku wa kulala chali na wa kulala ubavu. Mpira mdogo ndani ya soksi, ukishonwa mgongoni mwa fulana, humzuia mtu kulala chali. Linganisha pia usiku wenye pombe na usio nayo. Pombe huleta usingizi haraka, hulegeza koo, na huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku.

Nenda hospitali ukiwa na vimya hivyo pamoja na lolote kati ya haya: shinikizo la damu, shingo yenye mzunguko wa sentimita 40 au zaidi, umri zaidi ya miaka 50, maumivu ya kichwa kila asubuhi, au kusinzia ukiendesha. La mwisho ni la kwenda wiki hii hii, na usishike usukani mpaka uonwe. Kuamka kukojoa mara mbili au zaidi kila usiku nako kataje, maana kunaweza kutokana na kisukari, tezi dume au pumzi zinazokatika. Kipimo cha Epworth cha mwaka 1991 kitakusaidia kueleza uzito wa hali: mazingira 8, kila moja 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia, na jumla inayopita 10 kati ya 24 ni ya kumwonyesha daktari.

Mpelekee jedwali la siku 14 likiwa kwenye ukurasa mmoja, na vipande vitatu vya sauti visivyozidi dakika moja kila kimoja, vyenye saa iliyorekodiwa. Uliza daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua. Acha nyumbani michoro ya usingizi mzito na alama za programu, kwani daktari hawezi kuzitumia, na dakika chache za kuonana naye zitumike kusikiliza kile kimya.